Moshi wa Asubuhi Katika Datsun 240Z: Kuisoma Injini Kabla ya Kuifungua

Moshi wa buluu unaotoka mara tu injini inapowashwa asubuhi, ukatanda nyuma ya gari kwa nusu dakika, kisha ukakatika na usionekane tena hadi kesho yake, ni dalili inayosomwa vibaya kuliko dalili nyingi za injini kuukuu. Mwenye gari huingiwa na hofu, na fundi aliyeitwa kulitazama mara nyingi hutoa hukumu kabla hajauliza swali lolote: injini imekwisha, ishushwe, silinda zichongwe, pistoni na ringi (pete za chuma zinazoizunguka pistoni) ziwekwe mpya. Hukumu hiyo ilitolewa juu ya Datsun 240Z ya mwaka 1972 ninayoitunza hapa Nairobi. Sikukubaliana nayo, na ninaandika makala haya kueleza sababu, kwa kuwa naamini yapo magari mengine ya umri huo katika gereji zetu ambayo injini zake zitafunguliwa bure.

Tena zitafunguliwa kwa hasara. Injini ya gari hili, inayojulikana kwa jina la L24, ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa sentimita za ujazo 2,393, bloku ya chuma cha kalibu, kichwa cha aluminiamu, kamshafti moja (mhimili unaozifungua vali) juu ya kichwa na vali 12, huku ikilishwa na kabureta mbili za Hitachi zilizofuata muundo wa kabureta za Kiingereza za SU. Silinda zake zilitoka kiwandani zikiwa na kipenyo cha milimita 83. Kila zinapochongwa, chuma kinachoondoka hakirudi, na bloku haiwezi kuvumilia kuchongwa zaidi ya mara chache. Kwa mtu wa Afrika Mashariki injini hii ina heshima yake ya pekee: ndiyo iliyomfikisha Edgar Herrmann, akiwa na mwelekezi wake Hans Schüller, kwenye ushindi wa East African Safari mwaka 1971, na ndiyo iliyompa Shekhar Mehta, akiwa na Lofty Drews, ushindi wake wa kwanza wa mashindano hayo mwaka 1973. Injini iliyostahimili matope na vumbi la Safari haikwishi kirahisi, na anayesema imekwisha anapaswa kuonyesha ushahidi.

Ushahidi wa kwanza ni wakati ambao moshi hutokea. Ringi zilizochakaa hupitisha oili kila pistoni inapokwenda, kwa hiyo gari lenye ringi mbovu hutoa moshi likiwa baridi na likiwa moto, likiwa tambarare na likiwa mlimani, na huzidisha moshi linapobebeshwa mzigo. Halingoji asubuhi. Moshi unaokuja baada ya gari kulala tu unasema jambo jingine: kwamba ipo oili iliyoteremka yenyewe, taratibu, usiku kucha, injini ikiwa imezimwa na hakuna kitu kinachoisukuma isipokuwa uzito wake. Basi swali la kujiuliza ni wapi katika injini hii oili inakaa juu ya silinda, na ni kizuizi gani kinachoizuia isishuke.

Inakaa kichwani, chini ya mfuniko wa vali. Kila vali ina shina jembamba, la kipenyo cha karibu milimita 8, linalopanda na kushuka ndani ya bushi iliyopachikwa kwenye kichwa, na juu ya bushi hiyo huvikwa sili ndogo ya mpira inayolikumbatia shina ili oili inayolainisha kamshafti na roka (mikono midogo inayosukumwa na kamshafti ili ifungue vali) isipenye kwa wingi. Mpira ukiwa mpya huwa laini na mdomo wake hulishika shina sawasawa. Joto la miaka mingi huukausha, ukawa mgumu na wenye nyufa, mdomo ukapanuka, na hapo oili hupata njia. Jambo ambalo wengi hawalifahamu ni kwamba mpira huo hauchakai kwa kilomita peke yake. Gari la fahari linalotolewa Jumapili kwa Jumapili linaweza kuwa na silinda nzuri kama za kiwandani na sili zilizogeuka kuwa plastiki, kwa sababu miaka imepita tu. Ndiyo maana dalili hii huyapata zaidi magari yanayopendwa na kutunzwa ndani kuliko yale yanayofanya kazi kila siku.

Hata hivyo, kabla ya kuzinyooshea sili kidole ni lazima kuhakikisha kwamba moshi wenyewe ni wa oili. Moshi mweusi wenye harufu ya petroli ni mafuta mengi kupita kiasi, na katika gari la kabureta ni jambo la kawaida choki ikiwa imevutwa, ila kama kijiti cha kupimia oili nacho kinanuka petroli na kiwango kimepanda, basi sindano ya kuelea ya kabureta inavuja na petroli inaingia kwenye silinda. Moshi mweupe mwepesi unaopotea hewani ni mvuke wa maji, na katika asubuhi za Julai hapa Nairobi karibu kila gari hulifanya hilo. Moshi mweupe mzito unaong'ang'ania hewani wenye harufu tamu ni maji ya rejeta, na kichwa cha aluminiamu kilichokaa juu ya bloku ya chuma hutufundisha kulichukulia hilo kwa uzito, kwani metali hizo mbili hutanuka kwa viwango tofauti na gasketi iliyo kati yake ndiyo inayoumia injini inapochemka.

Kuna moshi mweupe mwingine ambao umewahadaa watu wengi, na sioni ukitajwa vya kutosha. Gari hili lina buta la kusaidia breki linalofanya kazi kwa ombwe la injini, yaani nguvu yake ya kunyonya hewa, na bomba la ombwe hilo limeunganishwa moja kwa moja na njia ya hewa inayoingia kwenye silinda. Sili ya nyuma ya masta silinda ikichakaa, mafuta ya breki huvuja kuingia ndani ya buta badala ya kudondoka nje, na injini inapowashwa huyafyonza na kuyachoma. Chini ya gari hakuna tone, lakini kikombe cha mafuta ya breki kinapungua na asubuhi kuna wingu jeupe zito. Kipimo chake ni rahisi: chomoa bomba la ombwe kwenye buta na uchungulie ndani yake kama lina unyevu. Ukiukuta, sahau moshi kwanza na ushughulikie breki siku hiyo hiyo. Gari lenye hitilafu hiyo lisiendeshwe.

Kitu kingine cha bei ndogo ni vali ya kupitisha hewa chafu ya bloku, ambayo katika L24 imefungwa chini ya bomba linalounganisha manifoldi mbili za kabureta, yaani mabomba yanayopeleka hewa na petroli kwenye silinda. Ikikwama ikiwa wazi, injini hufyonza ukungu wa oili kutoka ndani ya bloku kupita kiasi. Ikiziba, msukumo hujengeka ndani na kuitafutia oili njia za kutokea. Ichomolewe na itikiswe, inapaswa kulia. Isafishwe au ibadilishwe kabla ya jambo jingine lolote.

Kwa gari langu moshi ulikuwa wa buluu, wenye harufu ya oili iliyoungua isiyoweza kufananishwa na nyingine, na maji, petroli na mafuta ya breki vyote vilikuwa mahali pake. Nilipofungua plagi baada ya gari kulala, baadhi yake zilikuwa na masizi mabichi ya oili upande mmoja tu, ule unaotazama vali ya kuingiza. Hilo ni jambo la kulizingatia sana. Oili inayopanda kutoka kwenye ringi huilowesha plagi pande zote, lakini ile inayoteremka kwenye shina la vali huacha alama upande inakotokea.

Kisha huja kupima kompresheni, yaani msukumo ambao pistoni huujenga ndani ya silinda, na hapa kuna jambo ambalo vitabu vya kigeni hutupotosha bila kukusudia. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na msukumo wa hewa hapa ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na wa Mombasa. Silinda hujazwa hewa iliyopo, haijazwi hewa iliyoandikwa kitabuni. Kwa hiyo silinda ambayo ingetoa pauni 170 kwa inchi ya mraba ufukweni itatoa karibu 140 hapa, ikiwa nzima kabisa, na fundi anayeshika kitabu kilichoandikiwa nchi ya tambarare ataitangaza kuwa imekwisha. Nina hakika zipo injini zilizoshushwa katika mji huu kwa sababu hiyo peke yake. Geji ya ombwe nayo hudanganya vivyo hivyo: kila unapopanda futi 1,000, kipimo hupungua kwa karibu inchi moja ya zebaki, na injini yenye afya jijini Nairobi huonyesha namba ambayo kule chini ingekuwa ya kutia wasiwasi. Kinachofaa kuangaliwa kwanza ni uwiano wa silinda zenyewe kwa zenyewe. Injini iwe na joto la kawaida, plagi zote zitolewe, kabureta ziwe wazi kabisa, betri iwe imejaa, na kila silinda ipewe mizunguko sawa. Zikikaribiana, hiyo ni injini yenye umoja. Ikiwepo moja iliyoachwa nyuma, mimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi na upime tena: ikipanda, ringi ndizo zinazovujisha, isipopanda, tazama vali au gasketi.

Silinda zangu sita zilikaribiana. Sasa, jambo ambalo ningependa kila mwenye gari kuukuu alijue ni kwamba sili ya vali haihusiki na kompresheni hata kidogo. Haizibi moto wala msukumo. Inazuia oili tu, nje ya chumba cha mwako. Kwa hiyo kompresheni nzuri pamoja na moshi wa buluu wa asubuhi havipingani. Vikionekana pamoja, vinaelekeza mahali pamoja.

Kwa uthibitisho wa mwisho nilitumia barabara. Kutoka Rironi kwenda Mai Mahiu, barabara ya zamani hushuka ukuta wa Bonde la Ufa kwa mteremko mrefu, ile iliyojengwa na wafungwa wa kivita wa Italia wakati wa Vita Kuu ya Pili, ambao kanisa lao dogo bado lipo kando yake. Gari linapoteremka likiwa katika gia ya tatu, mguu ukiwa umeondolewa kabisa kwenye mafuta, kabureta huwa zimefungwa huku injini ikizungushwa na magurudumu, na ombwe ndani ya manifoldi hufika kiwango cha juu kuliko wakati mwingine wowote. Ombwe hilo hunyonya oili kupitia kila sili iliyolegea. Barabara inapolala, ukanyage mafuta, na rafiki anayekufuata nyuma akutazamie. Langu lilitoa wingu la buluu mara moja, likakatika. Kisha tukageuza na kupanda ukuta ule ule, injini ikifanya kazi nzito mwendo wote, na rafiki yangu hakuona moshi. Ringi zilizochoka zingejitangaza katika mwinuko huo. Kipimo hiki kifanywe mapema asubuhi kabla malori hayajawa mengi, na breki ziwe zimekaguliwa kwanza.

Dalili nyingine ya aina hiyo hiyo, kwa asiye na mteremko karibu, ni foleni. Injini inaponguruma taratibu kwa muda mrefu bila kukanyagwa, ombwe huwa kubwa na oili hujikusanya nyuma ya vali. Magari yakiachiliwa na ukaondoka, moshi hutoka mara moja kisha kukoma.

Baada ya hapo uamuzi ulikuwa wazi: sili zote 12 zibadilishwe, kichwa kikiwa mahali pake. Watu hushangaa kusikia kwamba inawezekana. Vali ikilegezwa springi yake inaweza kudondoka ndani ya silinda, kwa hiyo kinachohitajika ni kuishikilia kwa ndani. Wenye kompresa hujaza silinda hewa kupitia tundu la plagi. Mimi napendelea kamba. Silinda inapokuwa katika pigo la kukandamiza, vali zote mbili zimefungwa, na pistoni bado haijafika juu, unaingiza kamba laini ya nailoni kupitia tundu la plagi hadi ijae, ukihakikisha ncha yake inabaki nje, kisha unazungusha krankshafti kwa mkono, kwa spana kwenye puli ya mbele, hadi pistoni iibane kamba dhidi ya vali. Hewa inaweza kuizungusha injini ghafla au kukatika umeme unapopotea. Kamba haina tabia hizo.

Uzuri wa L24 ni kwamba roka zake hutoka bila kugusa kamshafti. Unalegeza nati ya kufungia na skrubu ya kurekebisha, unaishusha springi kidogo kwa wenzo, roka inachomoka. Nasisitiza kamshafti isitolewe, kwa sababu ukiondoa gia yake na cheni ya taimingi ikalegea, kikaza-cheni kilichoko chini huchomoka mahali pake, na kukirudisha kunaweza kumaanisha kufungua mfuniko wote wa mbele. Anayelazimika kuiondoa gia hiyo hukata kabari ya mbao na kuishindilia kati ya pande mbili za cheni ili kikaza kibaki kilipo. Kwa kazi ya sili hakuna haja hiyo.

Kabla ya kubana springi ya kwanza, ziba kwa vitambaa safi matundu yote ya kurudishia oili na nafasi ya cheni mbele ya kichwa. Vipande viwili vidogo vinavyolifunga shina la vali vikichomoka huruka, na kimoja kikitumbukia kwenye cheni, kazi ya siku mbili hugeuka kuwa ya wiki. Sumaku iwe karibu. Na kila kitu kinachotoka, yaani roka, kidonge cha chuma kinachokaa juu ya shina, vipande vya kufungia na springi zake mbili, kiwekwe katika mpangilio utakaokirudisha kwenye vali yake ile ile. Roka huteleza moja kwa moja juu ya kamshafti na vyuma hivyo viwili vimezoeana kwa miaka hamsini. Ukivichanganya, roka itaanza kula upande mpya wa kamshafti na utakuwa umeiondolea injini moshi na kuipa ugonjwa mbaya zaidi.

Sili za zamani katika gari langu zilivunjika vipande nilipozigusa kwa koleo. Baadhi hazikuwa zikilishika shina kabisa. Zilizunguka juu ya bushi kwa kidole. Sili mpya inayofaa ni ile ya mpira wa aina ya Viton, unaostahimili joto kubwa kuliko mpira wa kawaida uliotumika zamani. Ipakwe oili safi, na mfereji ulio karibu na ncha ya shina ufunikwe kwa kijibomba chembamba cha plastiki wakati sili inapopita, kwani makali ya mfereji huo huchana mdomo wa mpira kabla haujafanya kazi hata siku moja. Isukumwe chini kwa soketi yenye upana sawa na mwili wa sili, kwa mkono na kwa utulivu, hadi ikae.

Wakati springi ziko nje ndipo pa kupima bushi. Legeza kamba kidogo ili vali ishuke milimita chache, kisha ulisukume shina kushoto na kulia. Likicheza waziwazi, bushi imepanuka, na sili mpya itapigwa huku na huku hadi ilegee tena mapema. Dawa ya hilo ni kushusha kichwa, kupachika bushi mpya na kukata upya viti vya vali katika karakana yenye mashine. Ni kazi ya gharama, lakini hata hiyo huiacha bloku na pistoni bila kuguswa.

Ukimaliza, rekebisha nafasi za vali: injini ikiwa baridi, milimita 0.20 kwa vali za kuingiza na 0.25 kwa za kutoa; kisha urudie ikiwa moto, kwa 0.25 na 0.30. Nafasi ya vali za kutoa isipunguzwe kwa tamaa ya kupata injini isiyo na kelele, maana vali isiyofunga kabisa huungua.

Kuhusu dawa za chupa zinazouzwa kuzuia moshi, nitasema kwa ufupi. Zilizo nyingi hulainisha na kuvimbisha mpira kwa muda, na oili nzito zaidi nayo hupunguza moshi kwa kuteremka polepole. Mpira uliokwisha pasuka hauungani kwa dawa, na kinachofichwa ni dalili tu. Oili niliyoiweka baada ya kazi ni 20W-50 yenye zinki ya kutosha, kwa sababu ya ule msuguano wa roka na kamshafti nilioueleza, wala si kwa sababu ya moshi.

Asubuhi ya kwanza baada ya matengenezo gari lilitoa moshi tena, na mtu asiyejua angekata tamaa hapo. Oili iliyojikusanya kwa miaka ndani ya manifoldi na ekzosi haiondoki kwa sababu sili zimebadilishwa. Inapaswa kuungua kwanza, na hiyo huhitaji safari kadhaa ndefu zenye joto la kweli. Moshi ulipungua kila safari hadi ukaisha. Bushi za vali mbili za kutoa, za silinda ya tano na ya sita, zilicheza zaidi kidogo kuliko nyingine nilipozipima, na nimeliandika hilo kwenye daftari la gari pamoja na namba za kompresheni ya kila silinda. Siku kichwa kitakaposhushwa kwa sababu yoyote nyingine, bushi hizo zitabadilishwa. Kwa sasa natazama kijiti cha oili kila Jumamosi injini ikiwa baridi na gari likiwa pale pale tambarare, na naandika kiwango chake kando ya kilomita.